Sindano za chunjua: ipi kwa nani?

Watu wengi hudhani sindano inayodungwa kwenye chunjua huiua chunjua yenyewe. Sivyo. Kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili.

Chunjua huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo vina aina zaidi ya 200. Hukaa juu juu kwenye ngozi bila kuingia kwenye damu, ndiyo maana kinga huchelewa kuvigundua. Mara nyingi daktari hudunga ndani ya chunjua kitu ambacho mwili umeshakifahamu. Chembe za kinga hukikimbilia, na zikifika huvikuta virusi papo hapo. Kwa kawaida hudungwa ile kubwa tu, na sindano hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Kinga ikiamka, hata chunjua za mbali zinaweza kukauka.

Dawa zinazodungwa ni kadhaa. Chanjo ya pamoja ya surua, matubwitubwi na rubela imefanyiwa utafiti mwingi, hasa Misri na India, na mara nyingi hutoa matokeo mazuri. Lakini ina virusi hai vilivyodhoofishwa: mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu hawapewi. BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo ina bakteria hai. Kwa mwenye UKIMWI uliokomaa inaweza kuzua maambukizi mabaya. PPD, protini inayotumika kupima kifua kikuu kwenye ngozi, haina kiumbe hai. Dondoo la kuvu wa Candida pia halina, ila huweza kuleta maumivu na homa ya muda. Vitamini D3 huuma sana, hivyo hutanguliwa na dawa ya ganzi.

Hakuna hata moja iliyothibitika kuzishinda nyingine zote. Tafiti nyingi zilihusisha wagonjwa wachache, na vipimo vya dawa vilitofautiana.

Kwa Kasongo na Kabambare, katika mkoa wa Maniema nchini Kongo, kuna hesabu nyingine: chanjo hizo zinahitajika kwa watoto. Mwaka 1981 timu ya Mradi wa Kasongo, mradi wa afya wa huko, ilichapisha katika The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Surua bado inaua watoto Kongo. Chupa ya chanjo ya surua, au ya BCG, ikishachanganywa hutupwa baada ya muda wa saa sita. Kuitoa kwenye PEV, mpango wa taifa wa chanjo, kwa ajili ya chunjua ya mtu mzima ni kumnyima mtoto zamu yake.

Tena haraka haipo. Kwa watoto, chunjua nyingi huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Asidi ya salisiliki, ikipakwa kila siku kwa wiki kadhaa, ndiyo ya kujaribu kwanza, lakini si usoni wala sehemu za siri.

Vipele vikija na homa na tezi kuvimba, hiyo si chunjua. Huenda ni mpox (ndui ya nyani), ambayo ipo Maniema. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.