Unataka Kufuga Kasuku? Soma Hapa Kwanza!

Bila shaka umewahi kuwaona: kasuku wadogo wenye mkia mrefu, wengine kijani na njano, wengine bluu na nyeupe, wamejazana kwenye tundu moja wakipiga kelele. Ukijibana kwenye pesa za matumizi, pengine unaweza kumpata mmoja. Lakini kabla hujatoa hela mfukoni, hebu tuongee kidogo. Huyo ndege atavuta hewa ile ile unayovuta wewe na wadogo zako. Ukimtunza vizuri, unajitunza na wewe. Ukimtunza ovyo, mnaweza kuumwa wote wawili.

NI NDEGE WA WAPI?

Asili ya kasuku hawa ni nyanda kavu za Australia, ambako huruka kwa makundi makubwa wakitafuta maji na mbegu za nyasi. Mwaka 1840 mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na siku hizi wanazalishwa vizimbani karibu dunia nzima. Ndege mzima ana gramu 30 hadi 40 tu, lakini akitunzwa anaweza kuishi miaka 5 hadi 10.

Sasa piga hesabu. Ukimnunua ukiwa kidato cha pili, utamaliza shule naye bado yupo. Kama unasoma bweni, nani atambadilishia maji kila asubuhi? Kama huna jibu, usinunue kwanza.

Pia usimchanganye na kasuku wadogo wa porini kwetu, kwa mfano wale wa kaskazini mwa Tanzania wenye mkia mfupi na uso wa rangi ya chungwa. Hao walinaswa kwa wingi mno na kuuzwa nje katika miaka ya 1980. Kumnasa mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Muulize muuzaji ndege wake amezaliwa wapi. Akianza kujiumauma, wewe ondoka.

TUNDU NA CHAKULA

Tundu refu kwenda juu linapendeza machoni, lakini kasuku haruki kama helikopta. Anaruka kwenda mbele. Chagua tundu pana, ambamo anaweza kukunjua mabawa na kuruka kutoka kijiti hadi kijiti. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 1.2, la sivyo atabanwa kichwa. Weka vijiti vya mpera vyenye unene tofauti ili miguu isiote vidonda. Usiku anahitaji giza na utulivu kwa saa 10 hadi 12, kwa hiyo pembeni ya televisheni siyo mahali pake.

Huyu ni ndege wa kundi. Akikaa peke yake siku nzima anaweza kuanza kujinyonyoa manyoya. Fuga wawili, au mpe muda wako kila siku.

Wengi hudhani mtama na ulezi vinatosha. Havitoshi! Mbegu zina mafuta mengi na upungufu wa vitamini A na madini ya chokaa. Mwongezee majani ya sukuma wiki au mchicha kidogo, na karoti iliyokwanguliwa, vyote vimeoshwa vizuri. Gamba jeupe la ngisi, lile linalookotwa ufukweni, likioshwa na kukaushwa litampa madini ya chokaa. Mabaki yatoe kabla hayajachacha. Usimpe kabisa parachichi, chokoleti, kahawa, pombe wala vyakula vya chumvi. Parachichi ambalo wewe unalila kwa raha linaweza kumuua.

KIFUA CHAKE NA KIFUA CHAKO

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ndege hapumui kama sisi. Mbali na mapafu ana vifuko vya hewa mwilini, na hewa hupita kwenye mapafu yake kwa mkondo mmoja, hata anapotoa pumzi. Ndiyo maana anapata nguvu za kuruka. Lakini ndiyo maana pia sumu ya hewani inamwingia haraka kuliko binadamu.

Wachimba mkaa wa mawe wa Uingereza walilijua hilo. Katika miaka ya 1890 mwanasayansi John Scott Haldane alishauri washuke mgodini na ndege wadogo. Ndege akilegea, watu walijua kuna gesi ya kaboni monoksaidi, wakakimbia. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1986, vilipopatikana vifaa vya kupimia.

Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Haina rangi wala harufu. Kuingiza jiko chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha kunaua watu, siyo ndege tu. Kwa hiyo usiweke tundu jikoni, na usilete jiko mahali mnapolala. Sigara, dawa ya mbu ya kupuliza na moshi wa udi navyo vinamdhuru. Kikaango kisichogandisha chakula, kikisahaulika motoni mpaka kikapata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua kasuku kwa dakika chache.

HOMA YA KASUKU

Kasuku, njiwa na hata bata wanaweza kubeba bakteria wanaosababisha homa ya kasuku. Mtu huambukizwa akivuta vumbi la kinyesi kikavu au la manyoya. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14: homa, kichwa kuuma, misuli kuuma na kikohozi kikavu. Ni rahisi kudhani ni malaria au mafua. Ukijisikia hivyo, nenda kituo cha afya na mwambie daktari, "Nyumbani nafuga ndege." Maneno hayo matatu yatamsaidia sana, kwa sababu ugonjwa huu unatibika kwa dawa za antibiotiki. Ukiachwa unaweza kuleta nimonia mbaya.

Je, wajua? Bakteria hao ni ndugu wa wale wa klamidia, ugonjwa wa zinaa. Ndugu, siyo wale wale! Homa ya kasuku haiambukizwi kwa kujamiiana, kwa hiyo asiwepo wa kumcheka mgonjwa.

Kinga yake ni rahisi:

1. Lowesha karatasi ya chini ya tundu kwa maji kabla ya kuitoa. Usifagie kinyesi kikavu.
2. Safisha kila siku, huku umefunika pua na mdomo.
3. Nawa mikono kwa sabuni. Usiambusu ndege mdomoni, na usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni.
4. Ndege mgeni akae mbali na ndege wengine, kuku wakiwemo, kwa siku 30.
5. Mjamzito asisafishe tundu. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, mwulizeni daktari kabla ya kununua.

HASEMI, LAKINI ANAONYESHA

Porini ndege anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo kasuku huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Mchunguze kila asubuhi. Je, amejifutua manyoya huku hakuna baridi? Analala mchana? Mkia unapanda na kushuka anapopumua? Amekaa chini kwenye sakafu ya tundu? Kinyesi kimebadilika, au hali? Usisubiri kesho. Mweke penye joto la wastani na mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimpe vidonge vilivyobaki nyumbani, kwa sababu dozi ya mtu siyo dozi ya kiumbe wa gramu 35.

Bado unamtaka? Safi sana! Kaa na wazazi mkubaliane: tundu litakaa wapi, nani atasafisha, na fedha ya daktari itatoka wapi. Mkishakubaliana, fungueni madirisha, tena siyo kwa ajili ya ndege peke yake.