Kabla Binti Hajapanda Ndege

Barua ya kukubaliwa katika chuo cha ng'ambo inapoingia nyumbani, furaha yake huenea mtaa mzima. Shangazi huanza kushona mabuibui, mjomba huitisha harambee, na mama huamka usiku kumwombea mwanawe. Kipindi hiki cha kungoja, baina ya barua na safari, ndicho tunachokusudia kukizungumzia, kwani humo ndimo hatima ya safari nyingi huamuliwa.

Tuchukue mfano wa familia ya Kiislamu iliyoko Londiani, mji wa reli katika kaunti ya Kericho. Mji huo una chuo cha misitu tangu mwaka 1957, na wakaazi wake wamezoea kuwapokea vijana wanaotoka mbali kuja kusoma. Sasa binti wao ndiye anayejiandaa kwenda ugenini, na nchi aliyoichagua ni Ufini.

Familia hiyo haina haja ya kwenda mbali kutafuta funzo. Katika kaunti ya Uasin Gishu, mpango wa kupeleka vijana masomoni Ufini na Kanada ulianzishwa mwaka 2021. Wazazi waliweka karo katika akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya mpango huo. Kuna waliouza ardhi na mifugo. Vijana wengi hawakusafiri kamwe. Baadhi ya waliofika Ufini waligundua kuwa karo zao hazikuwa zimelipwa, wakaishi kwa hofu ya kurudishwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret, na mwezi wa Agosti waliokuwa wakuu wa kaunti walishtakiwa kuhusu zaidi ya shilingi milioni 56. Walikanusha mashtaka.

Fedha za harambee ni amana. Aliyetoa shilingi mia yake msikitini baada ya sala ya Ijumaa ana haki ya kujua zimekwenda wapi. Kwa hivyo, kabla ya kutoa senti moja, familia na iwasiliane na chuo chenyewe kwa anwani iliyo katika tovuti yake rasmi, si kwa nambari ya simu iliyoletwa na wakala. Karo na ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, na risiti zihifadhiwe. Tena barua ya chuo si kibali cha kuishi nchini humo. Kibali huombwa mbali, na mwombaji hutakiwa kuonyesha bima ya afya na fedha za kujikimu. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kuchunguza.

Baada ya fedha, kuna ibada. Londiani iko karibu mno na ikweta, na mchana wake ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Mjini Helsinki, mchana wa Juni hukaribia saa kumi na tisa, na wa Desemba haufiki saa sita. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi za Desemba hufuatana kwa karibu, zote zikiangukia ndani ya saa za masomo. Ramadhani ikiangukia majira ya joto, saumu huwa ndefu mno. Binti na awaulize wanazuoni mapema, wala asingoje kutatizika peke yake. Suala la kusafiri bila maharimu pia lina kauli zaidi ya moja. Lijadiliwe nyumbani kwa utulivu pamoja na mwanachuoni anayeaminika, binti mwenyewe akiwepo na akisikilizwa.

Kuhusu mavazi, binti wa Londiani huenda akajiona hodari wa baridi. Baridi ya alfajiri ya kwao huondoka jua likipanda. Ile ya Ufini hukaa miezi, na theluji yake. Asiache sweta nzito kwa kuona haya.

Enyi akina mama, mnapomfungia mizigo, mkumbusheni jambo moja dogo. Londiani ameswali miaka yote akielekea kaskazini, kwani Makka iko upande huo. Ufini itambidi aelekee kusini, akiinamia kidogo mashariki. Kibla ni kile kile. Ni yeye aliyehama. Mwenyezi Mungu awafikishe salama watoto wetu wote, na awarejeshe na elimu yenye manufaa. Amin.