Ufunguo Anao Nani?

Mkazi wa Babati anayefunga sarafu zake za kidijitali mtandaoni ili zizae faida aulize kwanza: ufunguo wa siri wa kuzihamisha anao nani? Tangu Septemba 2022 mtandao wa Ethereum unalindwa na watu wanaofunga sarafu kama dhamana ya kuhakiki miamala. Wanalipwa kwa kazi hiyo, na anayefanya hila hukatwa dhamana yake. Faida inatoka hapo, si kwenye michango ya wanachama wapya kama ilivyokuwa kwa mpango wa upatu wa DECI, uliozimwa nchini Tanzania mwaka 2009. Lakini ukimkabidhi dalali sarafu akufungie, unabaki na ahadi tu. Wateja wa Celsius, kampuni ya Marekani iliyowashikia sarafu, walilijua hilo Juni 2022 walipozuiwa kutoa mali zao. Mwezi uliofuata kampuni ikaingia kwenye ufilisi.

Njia nyingine ni kushika ufunguo mwenyewe. Kifaa kama Ledger au Trezor, kidogo mfano wa flashi, huweka ufunguo nje ya intaneti, na kila muamala huidhinishwa kwenye kifaa chenyewe. Je, kikiibwa stendi? Mwizi atakwama kwenye namba ya siri, na maneno 12 au 24 uliyoyaandika karatasini (karatasini, si kwenye picha ya simu) yatarudisha mali kwenye kifaa kipya. Pingamizi zito ni jingine: kifaa hakizuii bei kushuka, wala hakikuokoi ukiidhinisha utapeli kwa kidole chako mwenyewe. Tena Benki Kuu ya Tanzania ilikwishatangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Zikipotea, hakuna bima ya amana ya kuikimbilia.