Amplifaya Ndogo Iliyounguza Spika Kubwa

Msomaji wetu mmoja wa Kisiba, wilayani Rungwe, ameleta swali lililonifurahisha sana. Ana spika mbili kubwa zilizoandikwa wati 200 kila moja, na amplifaya ya wati 40. Twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ziliungua, akanunua nyingine, nazo zikaungua. Fundi akamwambia dawa yake ni amplifaya kubwa zaidi. Msomaji akahisi anataka kulizwa: kitu kidogo kitaunguzaje kikubwa, halafu tiba iwe kuongeza nguvu?

Fundi amesema kweli. Nitaeleza kwa nini, kwa kuwa kinachotokea ndani ya hilo boksi ni kati ya mambo mazuri kabisa katika sayansi ya sauti.

Amplifaya ni nini, sitaeleza. Aliyewahi kuchomeka simu kwenye sabufa anaijua. La kukumbuka ni hili tu: amplifaya haiivuti sauti ya simu ikarefuka. Inalitazama wimbi dogo linaloingia, kisha inalichora upya, kubwa, kwa umeme wake yenyewe. Umeme huo una kikomo. Ili spika ya omu 8 ipate wati 100 za sauti safi, wimbi lazima lipande hadi volti 40 na kushuka hadi volti 40 chini ya sifuri. Kama ndani mna volti 40 na si zaidi, basi hapo ndipo mwisho. Ukizidisha sauti, wimbi linapanda, linagota, linakwenda bapa kwa kitambo, ndipo linashuka. Kilele chake hakipo tena.

Mtu wa Rungwe ameshaliona jambo hili shambani. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu. Mkulima hauachi. Anaupogoa, wachumaji wanaupitia mara kwa mara, mpaka shamba zima, kama yale ya Katumba, linakuwa na kimo kimoja. Sasa tazama kinachofuata, maana kiini kiko hapo. Mchai uliokatwa kichwa haupotezi nguvu zake. Nguvu hutafuta pa kutokea, na machipukizi hujitokeza pembeni, mengi na membamba, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mkulima anapogoa kwa sababu anayataka hayo machipukizi. Wimbi nalo huchipua. Chukua wimbi laini la hezi 1,000: ndani yake mna sauti moja peke yake. Lipogoe juu na chini kwa usawa, na papo hapo zinazaliwa sauti za hezi 3,000, 5,000, 7,000 na kuendelea, kwa jumla zikififia kadiri zinavyopanda. Hakuna mpigaji aliyezipiga wala hazimo kwenye rekodi. Zimechipuka kwenye kidonda cha panga. Na kadiri unavyolishusha panga, ndivyo machipukizi yanavyozidi kuwa mengi na yenye nguvu.

Aliyetupatia hesabu ya jambo hili ni Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kilichohusu, kwa bahati njema, joto. Alionyesha kwamba umbo lolote linalojirudia linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya masafa mbalimbali. Umbo la duara duara linahitaji mawimbi machache. Kona kali haijengeki bila mawimbi ya kasi kubwa. Kwa hiyo mahali penye kona pana sauti za juu, uzitake usizitake.

Mafundi wengi husema sauti “inakoroma” au “inapasuka”, na kwa sikio wako sawa, ila maneno hayo yanataja matokeo, si tendo. “Kukata” tumeshalitumia kwa sauti inayopotea na kurudi. “Kunyoa” huondoa kila kitu. Mimi nitasema kupogoa, na jambo lenyewe upogoaji: shina linabaki, kichwa kinaondoka, pembeni panachipua. Wahandisi wa sauti nawaomba walichukue.

Wimbi lililopogolewa mpaka likawa la mraba hubeba nguvu maradufu ya wimbi laini lenye kimo hichohicho. Amplifaya ya wati 40 ikifikishwa huko inaweza kutoa hadi wati 80, na karibu moja ya tano ya hizo ni machipukizi matupu, takriban wati 15. Zinakwenda wapi? Spika kubwa ina kichujio kinachogawa kazi: besi kwa koni kubwa, sauti za juu kwa twita. Machipukizi ya wimbi letu la hezi 1,000 ni sauti za juu, kwa hiyo mengi yanasukumwa kwenye twita. Koili yake ni waya mwembamba wenye ngozi ya vanishi, uliotengenezwa kuvumilia wati chache tu kwa muda mrefu. Maandishi ya “wati 200” nyuma ya boksi yanahusu spika nzima ikipiga muziki wa kawaida, ambamo sauti za juu huchukua fungu dogo. Na katika umeme unaoingia kwenye spika ya nyumbani, karibu asilimia 1 tu ndiyo inayokuwa sauti. Uliobaki wote ni joto.

Muziki halisi si wimbi moja la hezi 1,000, na katika muziki kuna sababu ya pili inayotembea pamoja na hiyo: besi ikishagota haikui tena, lakini sauti za juu zinaendelea kukua kadiri unavyozungusha kitufe. Zote mbili zinaishia kwenye twita ileile.

Lipo jambo jingine ninalolipenda hapa. Tarehe 2 Agosti 1927, mhandisi Harold Black wa maabara za Bell alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York, wazo likamjia, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la The New York Times alilokuwa nalo. Wazo lilikuwa mrejesho: amplifaya ilinganishe kinachotoka na kilichoingia, na kila penye tofauti ijisahihishe. Usafi wa amplifaya za leo umejengwa juu ya wazo hilo. Lakini wimbi likigota, mrejesho unaona kinachotoka ni pungufu, unaamuru nguvu zaidi, na nguvu haipo. Matokeo yake kona inakuwa kali kuliko ambavyo ingekuwa bila msaada huo. Amplifaya za zamani za vali, nyingi zikiwa na mrejesho mdogo, zilipogoa kwa upole. Wako waliougeuza upogoaji kuwa muziki: kundi la Konono N°1 la Kinshasa, la mzee Mawangu Mingiedi, lilitia likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwenye vikuza sauti vya kujiundia na kuutumia mkoromo wake kama ala nyingine. Albamu yao Congotronics iliwapeleka duniani.

Turudi sebuleni Kisiba. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa karibu desibeli 90 kwa wati moja, ukisimama umbali wa mita moja. Mazungumzo ni kama 60. Kwa hiyo wati moja ni kelele tosha, na kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu. Wati 150 za amplifaya kubwa ni za nini, basi? Ni za pigo la ngoma. Katika rekodi nzuri pigo hupita wastani kwa desibeli 10 hadi 15, yaani mara 10 hadi 30 za nguvu, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukisikiliza kwa wastani wa wati 5, pigo linadai wati 50 hadi 150. Ile ya 40 imeshapogoa. Kubwa imelipitisha pigo zima, na twita haikuongezewa chochote.

Na Rungwe inaongeza mambo mawili. Kwanza mvua: eneo la Tukuyu ni kati ya yale yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bati lisilo na dari chini yake likipigwa, waliomo ndani hawasikilizani. Mkono unakwenda kwenye kitufe. Pili umeme mdogo, wa jioni, mwishoni mwa laini, kila nyumba ikiwa imewasha. Katika amplifaya ya transfoma, kikomo cha ndani hushuka pamoja na umeme wa ukutani, na nguvu hushuka kwa kipeo cha pili. Umeme ukitoka volti 230 ukawa 180, amplifaya ya wati 100 inabaki na wati 61 hivi. Msomaji wetu na wati zake 40 anabaki na 24 au 25, saa ileile anapotaka kushindana na mvua. Nyingi kati ya zile za kisasa, zenye pawa saplai ya swichi, zinahimili vizuri zaidi.

Amplifaya kubwa nayo itaunguza ukiifungulia bila simile, na masikio yana mipaka yake: Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Dukani usitazame namba ya PMPO, maelfu ya wati yaliyobandikwa mbele. Tafuta wati za RMS, na kama hazijaandikwa popote, liache hilo boksi.

Kabla ya kutoa hela, ndugu msomaji, fanya jambo moja. Rudisha kitufe cha besi katikati. Ukikipandisha kwa desibeli 10, besi inadai nguvu mara 10: mahali pa wati 4 sasa panatakiwa 40, yaani amplifaya yako yote. Badilisha twita, rudisha besi, sikiliza wiki mbili. Mkoromo ukiendelea, msikilize fundi.