Kaye ya mama wa depo na ordinatere yangu



Mimi ni mwanafunzi wa biashara na informatiki hapa Kisangani. Mwaka huu walimu walitufundisha programu ambazo makampuni makubwa yanatumia kwa kuongoza kazi yao yote. Kwa kifupi zinaitwa ERP. Katika masomo yetu ya Kifaransa tunasema PGI. Somo hilo nililipenda, na pointi zangu zilikuwa nzuri. Kisha nikaenda kufanya staji katika koperative moja ya mupunga kwenye barabara ya Buta, upande wa Bengamisa. Ndani ya siku tatu tu, karatasi iliyotoka katika ordinatere yangu ilikaribia kumuharibia jina mama mmoja asiye na kosa.

Nataka kuwaeleza mambo mawili: yale niliyojifunza shuleni, na yale niliyojifunza kwenye mulango wa depo. Bila la pili, la kwanza halifai kitu.

Hii ERP ni kitu gani?

Muwaze koperative yenu. Sekretere ana kaye ya wanamemba. Mwenye depo ana kaye ya mifuko. Mwenye sanduku ana kaye ya pesa. Mwenye mashini ya kukoboa, naye ana yake. Mufuko mumoja wa mupunga ukiingia, unaandikwa mara tatu kwa namna tatu, ama hauandikwi hata mara moja. Siku ya kugawa pesa, kaye zinapingana, na watu wanagombana nyuma ya kaye zao.

ERP ni kaye moja ya wote. Kila mutu anaandika upande wake, lakini kitabu ni kimoja. Mufuko ukitoka kwa kuuzishwa, mara moja hesabu ya depo inapunguka, deni la mununuzi linaonekana, na haki ya memba aliyeleta mufuko ule inaandikwa. Hakuna mutu wa kurudia kuandika mara ya pili. Jambo moja linaandikwa mara moja, pale linapotokea, na wote wanaliona.

Mawazo haya si mapya. Katika miaka ya 1960, viwanda vya Marekani vilianza kutumia ordinatere kwa kujua ni vitu gani vya kununua, vingapi, na siku gani. Mwaka 1972, watu watano waliotoka katika kampuni ya IBM walianzisha huko Ujerumani kampuni ya SAP, ambayo leo ni moja ya kampuni kubwa zaidi katika kazi hii. Jina lenyewe la ERP lilitolewa na kampuni ya Gartner mwaka 1990. Leo kuna programu za namna hii hata kwa biashara ndogo: Odoo ilianzia Ubelgiji mwaka 2005, na ERPNext imetoka Uhindi. Zote mbili zina toleo la bure.

Shuleni mwalimu alituonyesha mufano wa kiwanda cha viti. Mimi niliufikiria kwa mupunga. Ukiingiza kilo 100 za mupunga katika mashini nzuri, unapata karibu kilo 60 hadi 65 za muchele. Zingine ni maganda na pumba. Unaiambia programu hesabu hiyo mara moja. Baadaye ukiandika kwamba umekoboa kilo 1000, yenyewe inaondoa mupunga katika depo na kuongeza muchele. Kama inangoja kilo 600 na wewe unapata 500, inakuonyesha. Hapo munauliza: mashini imechoka? Mupunga haukukauka? Ama mutu amepitisha mukono? Mimi niliona kwamba kitu hiki kingeweza kusaidia wazazi wetu wakulima. Nikafunga mufuko wangu, nikaenda staji.

Mifuko 17 iliyopotea

Siku ya kwanza, sekretere alinipa kaye yake. Niliingiza majina na mifuko yote katika ordinatere. Jumla: mifuko 64. Baba prezida alifurahi, kwa sababu alikuwa ameahidi mifuko 60 kwa mufanyabiashara mumoja wa Kisangani, na gari lilikuwa linakuja wiki ile ile.

Siku ya pili, tulihesabu mifuko katika depo. Ilikuwa 47.

Siku ya tatu, nilitoa karatasi yenye mistari mizuri na jina la koperative juu. Upande mumoja: iliyoingia, 64. Upande mwingine: iliyoko, 47. Chini nikaandika kwa wino mwekundu: inayokosekana, 17. Karatasi ilipita mukono kwa mukono. Hakuna mutu aliyeuliza kama nimekosea, kwani ilitoka katika mashini. Wote waligeuka kumutazama mama wa depo.

Mama yule ameshika ufunguo wa depo miaka mingi. Hakulia, hakupiga kelele. Aliniambia tu: «Mutoto yangu, ile ordinatere yako, nani aliiambia?»

Nikamujibu: «Mama, ni kaye ya sekretere.»

«Na yangu, uliiomba?»

Sikuwa nimeiomba. Nilikuwa nimeiona chini ya meza, imekunjamana, ina alama za vidole, na nikafikiri haifai. Tulikaa naye chini ya muti mpaka jua likaanguka, tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Hivi ndivyo mifuko 17 ilivyoonekana.

Mifuko 6 ilikuwa imetolewa kwa wanamemba waliohitaji pesa ya masomo ya watoto. Prezida mwenyewe alikubali kwa mudomo, na kila mutu alitia kidole katika kaye ya mama. Sekretere hakujulishwa.

Mifuko 7 haikuwa imefika hata siku moja. Wenyewe walikuja kwenye mukutano, wakasema «mupunga yetu iko tayari», na sekretere akaandika kana kwamba imeingia. Ilikuwa bado nyumbani kwao, ndani ya pori, inangoja kinga.

Mifuko 4 iliyobaki haikupotea pia. Wanamemba walileta mifuko midogo 20 yenye kilo 80 kila mumoja. Mama alipoipanga upya katika mifuko ya kilo 100, ikawa 16. Kilo ni zile zile 1600. Mifuko ndiyo iliyobadilika.

Sita na saba na nne: 17. Hakuna hata kilo moja iliyoibiwa.

Prezida aliitisha wanamemba na kusoma hesabu mbele ya wote. Mimi nilisimama, nikaomba musamaha kwa mama, kwani karatasi yangu ndiyo iliyomushitaki. Kisha prezida alimupigia simu mununuzi, akamwambia ukweli: mifuko ni 54, si 60. Ile 47 ya depo, na ile 7 ambayo vijana walikwenda kuileta kwa kinga na kuipima. Mununuzi alinung'unika, lakini alikuja, akabeba 54. Kama gari lingefika na kukuta 47, sijui kama angerudi tena.

Hata wenye mamilioni wamekosea hapo

Niliporudi Kisangani, nilikumbuka jambo ambalo mwalimu alitueleza na mimi sikulitia maanani. Linahusu Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti ya Marekani. Mwaka 1999 kampuni hiyo iliweka programu mupya kwa kuongoza kazi yake. Gharama ilikuwa karibu dolari milioni 112. Kazi ilifanywa kwa haraka, na programu ilianza mwezi wa saba, wakati maduka yanaanza kuagiza bonbo na chokoleti kwa sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ambapo watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba vitu vitamu. Kampuni ilishindwa kutimiza maombi ya dolari karibu milioni 100. Faida ya miezi mitatu ile ilishuka kwa asilimia 19.

Je, chokoleti ilikosekana? Hapana. Ilikuwamo. Lakini sehemu yake ilikuwa imewekwa mahali ambapo programu haikujulishwa. Kwa hiyo programu haikuiona, na magari hayakupakia.

Ndugu wakulima, hiyo ni mifuko yetu iliyo nyumbani, ila huko upande wa pili. Wao programu haikuona mali iliyokuwako. Sisi kaye iliona mali isiyokuwako. Ugonjwa ni mumoja: kile kilichoandikwa na kile kilicho chini ya paa havikukutana. Ordinatere haina macho. Inajua tu kile mutu ameiambia. Ukiiambia uongo, itaurudia kwa maandishi mazuri, na watu watauamini zaidi.

Mambo matano ya kutengeneza kwanza

Haya yanaweza kufanywa kwa kaye na bike. Hayahitaji umeme.

1. Kila memba awe na namba. Katika koperative ile watu watatu walikuwa na jina moja. Namba haifanani na ya mwingine.

2. Hesabuni kilo, si mifuko, beseni wala ndoo. Mizani iwe mulangoni mwa depo, na memba mwenyewe aone.

3. Andikeni kinachoingia siku ile ile kinapoingia, si siku kinapoahidiwa. Ahadi iwe na ukurasa wake. Tumieni karatasi ya kaboni: moja inabaki depo, moja anaenda nayo memba.

4. Andikeni kila kinachotoka, hata kama hakikuuzishwa: mukopo kwa memba, mbegu, kilicholiwa na panya, kilichooza. Neno la mudomo, hata la prezida, lisifungue depo bila sahihi ao kidole.

5. Kila mwisho wa mwezi, watu watatu wahesabu: mwenye depo, sekretere, na memba mumoja asiye na kazi katika komite. Wakikuta tofauti, watafute sababu kabla ya kutafuta mwizi.

Kama miezi mitatu inapita na hesabu inakubaliana, hapo muko tayari kuongea habari ya ordinatere. Na mutu akija kuwauzishia programu, ama mradi ukiwaletea ya bure, mumuulize: Inafanya kazi pasipo intaneti? Umeme ukikatika, kilichoandikwa kinabaki? Nani anaweka kopi, na wapi? Kila mwaka tutalipa nini? Nani kati yetu atafundishwa, na akihama nani atashika nafasi yake? Mradi ukiisha, hesabu zetu zinabaki mikononi mwa nani? Programu inaweza kuwa ya bure; mashini, umeme na mafunzo si vya bure.

Kwa nini tusingoje

Kuna sababu mbili za kuanza sasa. Ya kwanza ni sheria. Sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na inchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Inataka kila koperative iwe na rejista ya wanamemba, na hesabu ya mwaka iletwe mbele ya mukutano mukuu.

Ya pili inahusu zaidi ndugu zetu wa kakao na kahawa. Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2023 sheria inayosema kakao, kahawa na mafuta ya ngazi visiingie kwao kama vimetoka katika shamba lililokatwa porini baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mwanzo wake umesogezwa mbele, lakini wanunuzi wameanza kuuliza: mufuko huu umetoka shamba la nani, na shamba liko wapi? Mwenye kaye safi atajibu. Asiye nayo, kakao yake inaweza kuwa nzuri na bado ikakataliwa.

Staji yangu iliisha. Kabla ya kuondoka, nilimuuliza mama wa depo kama anapenda nimufundishe ordinatere. Alicheka, akasema: «Fundisha ule binti wa sekretere, yeye vidole yake ni myepesi. Mimi nitamusomea kutoka kaye yangu.» Ndivyo wanavyofanya mpaka leo: mama anaandika mulangoni, binti anaingiza jioni, na mwisho wa mwezi watu watatu wanahesabu.

Nanyi, katika mukutano wenu ujao, ombeni kitu kimoja: kaye ya sekretere na kaye ya depo ziwekwe juu ya meza moja, zisomwe pamoja mbele ya wote. Kama zinasema neno moja, mushukuru wanaozishika. Kama hazisemi neno moja, mukae chini, musome ukurasa kwa ukurasa, na musimutazame mutu vibaya mpaka hesabu ifike mwisho.