Sanamu ya Marx Mjini Trier

Karl Marx alizaliwa tarehe 5 Mei 1818 katika Trier, mji usiokuwa mkubwa ulio kando ya mto Mosel, magharibi ya Ujerumani. Tarehe hiyohiyo mwaka 2018 mji huo ulizindua sanamu yake ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Wu Weishan, iliyotolewa zawadi na Serikali ya China. Pamoja na kitako chake ina urefu wa meta 5.5, na uzito wake ni tani 2.3.

Baraza la mji lilikuwa limekubali zawadi hiyo mwaka 2017, lakini si bila ya ubishi. Waliopinga walisema kwamba kuipokea ni kuisifu dola inayowafunga wakosoaji wake. Wako makada ambao wakisikia maneno hayo huyaita propaganda ya mabeberu, wakanyamaza. Huo ni uvivu wa fikra. Zawadi ya dola kwa mji ni tendo la kisiasa, na mwananchi anayo haki ya kuuliza mtoaji anatafuta nini. Waliounga mkono nao walikuwa na jibu: Marx ni mtoto wa Trier, na mji hauwezi kumkana kwa sababu ya yale yaliyotendwa na wengine kwa jina lake baada ya kufa kwake mwaka 1883.

Lakini tutazame pia upande wa uchumi, maana ndiko Marx mwenyewe angeanzia. Mwaka huohuo wa 2018 ofisi ya utalii ya Trier iliuza noti za ukumbusho zenye picha yake. Thamani iliyoandikwa juu yake ni euro sifuri. Bei yake euro 3. Mtu aliyetumia maisha yake kuichambua bidhaa akageuzwa bidhaa, na wanunuzi walikuwa tele! (Mwanafunzi anayetaabika na sura ya kwanza ya *Mtaji* aanze na noti hiyo.)

Sanamu inamwonyesha mzee mwenye ndevu, kitabu mkononi. Aliyeondoka Trier mwaka 1835 kwenda chuoni Bonn alikuwa kijana wa miaka 17. Mwaka 1843, akiwa mhariri wa gazeti mjini Cologne, aliandika juu ya dhiki ya wakulima wa mizabibu wa bonde la Mosel, majirani wa kwao. Baadaye alieleza kwamba mambo kama hayo, pamoja na sheria ya wizi wa kuni, ndiyo yaliyomsukuma kwanza kuchunguza uchumi.