Kikechua: irabu tatu au tano?

Mzozo kuhusu irabu za Kikechua, lugha ya asili ya watu wa milima ya Andes, umedumu kwa miongo kadhaa nchini Peru. Mwaka 1985 serikali iliidhinisha tatu pekee: a, i na u. Academia Mayor de la Lengua Quechua, yenye makao yake mjini Cusco, inashikilia tano.

Kiini cha ubishi ni konsonanti q, itamkwayo nyuma kabisa ya kinywa. Ikikaribiana na i, irabu hiyo husikika kama e. U nayo husikika kama o. Wanaisimu wengi huona herufi mbili za ziada hazihitajiki, kwa kuwa q yenyewe huuongoza ulimi. Wapinzani wao hutaka maneno yaandikwe yanavyosikika. Hoja hiyo ina mvuto, ingawa masikio ya wengi yamezoeshwa Kihispania, chenye irabu tano. Mtoto, kwa upande wake, hukuta ziwa likiandikwa qucha katika kitabu kimoja na qocha katika kingine.

Ajabu ni kwamba penye ugumu zaidi pande hizo hupatana. Kwa Kikechua cha Cusco, tanta ni mkusanyiko. Thanta, yenye mpumuo, ni kitu kilichochakaa. T'anta, ambayo t yake hupasuka koo likiwa limebanwa, ni mkate.